Kikombe cha Maji ya Mboga

Wanafunzi mia nne walimwita Mama Mwiko, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia chakula kimepoa. Alipika jikoni mwa shule kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi, aliyejua kwa kunusa tu ni sufuria ipi imeanza kuungua chini. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole mwenye kitambi cha kukaa kutwa kiti kimoja. Miaka kumi iliyopita, fundi alipogundulika ana kisukari, muuguzi alimpa karatasi ya chakula. Mama Mwiko aliibandika juu ya jiko, akaapa mbele ya shemeji zake kwamba mume wake hatauawa na jiko lake.

Na kweli alishika neno. Wali ukapimwa kwa kikombe. Soda ikapigwa marufuku hata kwa wageni, shemeji mmoja akanuna mwaka mzima. Ikawa ni mboga za majani, maharage na ndizi moja baada ya mlo, kama karatasi ilivyosema. Kisha akaongeza la kwake. Akichemsha mboga, maji yake hakuyamwaga. Hata shuleni aliwafokea wasaidizi wake kwa ajili hiyo: "Mnamwaga uhai, mnabakiza makapi!" Basi kila asubuhi yale maji ya kijani yaliingia kwenye kikombe cha bati. Fundi saa aliyanywa kwa mkupuo mmoja, amesimama, akafuta mdomo na kusema, "Asante, daktari wangu." Mama Mwiko akatoka kwenda kazini kifua mbele.

Mwaka huu miguu ya fundi ikaanza kuvimba. Uso ukafuata, halafu mikono ikakosa nguvu mpaka kibano cha saa kikawa kinamponyoka. Akalazwa.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanawe. Alimkalisha Mama Mwiko ofisini akamweleza polepole.

"Mama, sukari na mafuta ya tumboni vinauweka mwili kwenye uvimbe wa chinichini, hauumi wala hauonekani. Ni kama makaa yaliyofunikwa majivu. Miaka inapita, vichujio vya figo vinalika. Figo zikichoka, uchafu unabaki kwenye damu, na huo uchafu unachochea uvimbe upya. Ndivyo vinavyozungushana."

"Sasa nimpikie nini?"

"Hapo ndipo penye kazi. Kuna madini yanaitwa potasiamu, yamejaa kwenye mboga, maharage na ndizi. Figo nzima huyatoa, zake zimeshindwa. Yakizidi yanaweza kusimamisha moyo. Mboga uzichemshe kwa maji mengi, kisha maji uyamwage."

"Niyamwage?"

"Yote. Madini mengi yanabaki humo."

Mama Mwiko akamwambia habari ya kikombe. Daktari akaweka kalamu chini.

"Si wewe uliyeharibu figo, mama. Ni sukari ya miaka yote hiyo. Ile karatasi ilikuwa sawa kwa wakati wake. Ilitakiwa ibadilishwe mapema, na hakuna aliyekwambia."

"Na kikombe?"

"Kikombe hakikusaidia."

Siku fundi aliporudishwa nyumbani, karatasi mpya ilibandikwa juu ya ile ya zamani. Mama Mwiko aliisoma mara tatu. Vyote alivyovipigania miaka kumi vilikuwa vimekatwa kwa wino mwekundu. Yeye aliyelisha watu mia nne bila kupepesa macho alisimama mbele ya sufuria moja ndogo asijue aanzie wapi. Alichemsha mboga, akamwaga maji kwenye sinki, na machozi yakamtoka asiyazuie.

"Leo mbona sijaletewa kikombe changu?" fundi saa aliita kutoka sebuleni.

Mama Mwiko alimfuata, sufuria bado mkononi, akamwambia yote bila kujitetea. Alitaka afokewe. Fundi saa aliitazama miguu yake iliyovimba.

"Kilikuwa kinanitia kichefuchefu," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema, mume wangu?"

"Ulikuwa unafurahi sana nikimaliza."