Kipande cha Jiko

Mama Mwiko hakuwahi kufumba macho wakati wa sala. Usimwone vibaya. Alikulia kwenye nyumba ya watoto wengi na sufuria moja, na baba yake alikuwa na sala ndefu ya chakula. Ukifumba macho kwa uchaji, ukija kusema amina nyama yako haipo, na ndugu zako wote wanatazama dari. Basi akazoea kuinamisha kichwa na kuyaacha macho kazini. Akakua, akaolewa, akapata wajukuu, na tabia haikumtoka.

Jina hilo alilipata kanisani, ambako alipika tangu ujana wake. Harusi, misiba, semina za vijana, wageni wa mchungaji, wote walikula chakula cha mkono wake. Alipikia nyuma ya kanisa, kwenye kibanda cha mabati kisicho na bomba la moshi, ambamo ukiingia haraka unatoka haraka zaidi. Kikohozi alikuwa nacho. Mwenyewe alisema ni vumbi.

Mwaka huo kanisa likaamua kupanga ujenzi wa miaka mingi ijayo: ofisi mpya, madarasa ya watoto, ukumbi, vyoo vya maana, maegesho ya magari, na jiko. Vyote kwa pamoja haviwezekani, kwa hiyo ilibidi ijulikane kipi kinatangulia. Msanifu majengo, binti mpole mwenye miwani, akatandika karatasi kubwa juu ya meza ya chumba cha mikutano, akaigawa kwa mistari minene: miaka ya mwanzo, ya kati, ya mwisho. Kila jengo akalichongea kipande cha mbao chenye jina lake. Kamati ingekaa kila Jumamosi na kuvisogeza vipande mpaka ikubaliane, halafu siku ya mwisho yeye angevigandisha kwa gundi, waumini wote waje waone.

Mume wa Mama Mwiko, fundi cherehani mstaafu, alikuwemo kwenye kamati kwa niaba ya wazee. Mama Mwiko hakuwemo. Yeye alikuwa wa chai. Lakini siku ya kwanza alipoweka vikombe mezani aliwapa lake bila kuzunguka.

"Mimi si kijana," alisema. "Mkiliweka jiko miaka ya mwisho, siku hiyohiyo naacha mwiko. Mtafute mwingine wa kumkausha kwa moshi kama samaki."

Wakacheka. Mume wake hakucheka, ila yule mzee si wa kucheka ovyo. Jiko likawekwa miaka ya mwanzo.

Jumamosi iliyofuata Mama Mwiko alipoingia kufagia kabla ya kikao, jiko lilikuwa miaka ya mwisho, nyuma ya maegesho.

Alisimama na ufagio wake akiliangalia. Ufunguo wa chumba kile alikuwa nao mwenyekiti wa kamati, aliyemfungulia afagie, na mwenyekiti huyo alikuwa na gari kubwa lililoshinda juani kila Jumapili. Hesabu gani tena hapo? Kamati ilipoingia, mwenyekiti akashika kiuno, akauliza nani amelisogeza jiko. Mama Mwiko akajisemea moyoni kwamba kila mwizi huanza kwa kuuliza. Jiko likarudishwa mwanzo, kikao kikaendelea, na yeye akaenda kibandani kumimina chai, maana walipofunga kwa sala walitaka chai iwe mlangoni. Wiki iliyofuata, jiko mwisho tena.

Sasa usingizi ukamruka. Hakumwondoa mwenyekiti kwenye orodha ya washukiwa, lakini aliongeza wengine. Yule binti msanifu, mbona sauti yake ndogo hivyo? Mchungaji naye alimsalimia mara mbili asubuhi moja, na mtu hakusalimii mara mbili bure. Hata msaidizi wake wa jikoni, mke wa kinyozi, akaulizwa alikuwa wapi.

"Labda imepangwa hivyo, mama watoto," mumewe alimwambia nyumbani. "Labda ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hana ufunguo wa chumba kile," akajibu. "Mwenyekiti ndiye anao."

Akatega mtego. Jumamosi nyingine, kabla hawajaingia, alikirudisha mwenyewe kile kipande miaka ya mwanzo, akakipaka masizi ya sufuria upande wa chini. Baada ya sala akapitisha vikombe taratibu, akikagua vidole. Mwenyekiti alikuwa msafi. Mchungaji msafi. Binti alikuwa na wino, lakini wino ni wino. Mama Mwiko akarudi nyumbani amekasirika, akammiminia mumewe maji ya kunawa kabla ya kula, na maji yakatoka meusi. Akamwambia aache kushikashika ile mashine yenye mafuta, amestaafu, kisha akaendelea kumsema mwenyekiti.

Ikafika Jumamosi ya gundi. Safari hii alimwachia chai mke wa kinyozi, akaja kusimama karibu na meza, mikono kwenye aproni. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Walipomaliza, jiko likiwa miaka ya mwanzo kwa makubaliano ya wote, mchungaji akasema tuombe.

Ilikuwa sala ndefu. Mama Mwiko akamkazia macho mwenyekiti. Amefumba, midomo inacheza. Akahamia kwa binti. Amefumba. Ndipo mkono ukaja juu ya meza.

Ulikuja polepole, ukipapasa. Ukagusa ofisi, ukaiacha. Ukagusa madarasa, ukayaacha. Mkono ule aliujua kabla ya kumtazama mwenyewe, kwa sababu ya ukucha uliowahi kuchomwa na sindano ya cherehani. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho kabisa. Mcha Mungu yule asingefumbua macho katikati ya sala, hata akiwa anaiba.

Aliumia. Tusifichane, angemkamata mwenyekiti angefurahi, lakini huyu alimuumiza. Mkono ulipokishika kipande, akaufunika kwa wake. Ukatulia. Mzee hakufumbua macho. Aliujua mkono huo.

"Kumbe ni wewe," mkewe alinong'ona.

"Ulisema likienda mwisho unaacha mwiko."

"Nilisema."

"Basi nalipeleka mwisho. Siku ile ya kliniki, ulipokwenda dirisha la dawa, nilirudi kwa daktari. Alisema moshi utakumaliza. Wewe uliniambia amesema vumbi."

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu nini?"

Mchungaji alikuwa amefika kwa mafundi watakaojenga, akiwaombea wasianguke. Mama Mwiko, asiyemwamini mtu, alitafuta jibu lisilo la uongo na hakuliona.

"Ningekudanganya," akasema.

Akakitoa kipande mkononi mwa mumewe. Mzee alikishikilia kidogo, kisha akakiachia. Mkewe akakiweka miaka ya mwanzo, mbele hata ya ofisi. Amina ikasemwa, binti akafungua gundi, na Mama Mwiko akasimama palepale mpaka ikakauka, maana kuamini watu bado hakukuwa tabia yake. Halafu akavua aproni, akamvalisha mke wa kinyozi aliyekuwa mlangoni na birika.

"Mpaka lijengwe, pikeni nje uwanjani," alimwambia. "Kibandani asiingie mtu."

"Mama, si tumeliweka mwanzo?" mwenyekiti aliuliza. "Mbona unaacha tena?"

"Kifua changu hakiwezi kulisubiri," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya watu.

Jioni ile mzee aliingia jikoni mwenyewe, akafunga mlango. Mama Mwiko alikaa sebuleni akisikiliza kila mfuniko ulivyoanguka. Alisikia harufu ya kitunguu kikiungua, akajizuia kunyanyuka. Chakula kikaja, kila mmoja na sahani yake, wali na kipande cha nyama. Mzee akaanza kuomba.

Mama Mwiko akafumba macho. Si rahisi kwa mtu wa umri ule. Katikati ya sala alisikia kijiko kikigonga sahani yake, moyo ukamruka, akayabana macho zaidi. Amina ilipotoka tu, akatazama chini. Nyama yake ilikuwepo. Na ya mumewe ilikuwa pembeni yake, kwenye sahani hiyohiyo.

"Kula," mzee alisema, ndiyo kwanza anafumbua macho. "Imeungua kidogo."