App iliniuliza hali kila asubuhi, nami nikaijibu "nzuri"

Wakuu, salaam kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi cherehani, Kilwa Kivinje. Mama alipofariki nilishikwa na sonona. Nguo za wateja zikarundikana, nakaa mbele ya cherehani hata uzi siwezi kutunga.

Kliniki nikapewa dawa, na muuguzi akaniwekea app kwenye simu. Kila asubuhi inauliza: "Leo unajisikiaje?" Unachagua sura moja kati ya tano, kuanzia inayolia hadi inayocheka. Jibu lako muuguzi analiona.

Nikawa nabonyeza inayocheka. Kila siku!

Msinishangae. Huku kwetu hata msibani ukiulizwa habari unajibu nzuri, ndipo useme nani kafariki. Tatizo app ukishaijibu nzuri inakushukuru, basi. Haingoji ya pili.

Mama alikuwa anangoja. Nikirudi kutoka kazini namwamkia, ananiuliza habari za huko, namjibu nzuri. Anaendelea kukuna nazi yake kidogo, halafu anasema, "Haya, hiyo ya watu. Ya kwangu je?"

Hapo namwaga yote, hadi mteja aliyenitukana kwa ajili ya kola. Nimemkumbuka sana, wakuu. Mapishi yake nayakumbuka, ila lile swali ndilo linaloniliza.

Mwezi wa pili wa dawa nilirudi kliniki, muuguzi akanipokea kwa furaha. "Hongera kaka, unaendelea vizuri mno. Nitamwambia daktari tuanze kupunguza dawa."

Nikafungua mdomo nimshukuru, machozi yakanitangulia. Nilikuwa na siku mbili sijala.

"Kaka, mbona humu kila siku unacheka?"

"Nimeulizwa hali, sista. Ningejibuje?"

Akavuta kiti, akaniuliza upya, taratibu. Nikamweleza. Dawa hazikupunguzwa.

Nilichojifunza: app si mbaya, naitumia mpaka leo. Ila ukiidanganya inakuamini, maana haikujui. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha kwa adabu.

Siku hizi ikiniuliza sibonyezi haraka. Namsubiri kwanza mama aulize mara ya pili.

Leo nimebonyeza ile ya katikati, na ni kweli.

Wenzangu mnaotumia hizi app, tuambizane hapa chini: mnaijibu ya watu, au ya mama?