Nilivyopelekwa Dumaguete Kuwa Mgeni wa Luz

Sikwenda Ufilipino kwa hamu ya kuiona Ufilipino. Nilikwenda kwa sababu Luz aliniomba nikawe mgeni wake, na Luz si mtu wa kuomba ovyo. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nasi tukifanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Beltsville, huko Maryland, Marekani, yeye nesi, mimi msaidizi wa kuogesha na kulisha. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama yake amebaki peke yake katika mji wa Dumaguete, kando ya bahari, na kila alipoandika aliandika neno moja: njoo. Hakuandika njoo unitazame kisha urudi. Njoo tu.

"Mishi, nikienda peke yangu sirudi," Luz aliniambia tukinywa chai kazini. "Mama yangu hagombi. Anakushika taratibu mpaka unajikuta umeshikika. Lakini nikienda na mgeni, sharti nimrudishe mgeni alikotoka. Hata yeye hawezi kulipinga hilo."

Nilicheka. Kwetu Mombasa husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni wa kuvaliwa shingoni kama hirizi sikuwa nimemsikia. Nikamuuliza kwani nyumbani kwao kuna ubaya gani. Akasema hakuna ubaya wowote, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Maryland ana ufunguo wake mwenyewe, hakuna anayemuuliza amekula nini wala amerudi saa ngapi, na kazi yake anaipenda. Likizo nilikuwa nayo, nikakubali.

Siku ya kuondoka tulipelekwa uwanja wa ndege wa Dulles na Wambui, jirani yangu, Mkenya wa Nyeri, mwenye moyo mkubwa na mdomo usiopumzika. Njia nzima alikuwa akitoa amri.

"Passport mme-check? Luz, huyu Mishi umchunge. Yeye hakulangi pork, utamwona ame-faint huko. Na wewe Mishi u-take picha mingi. Usikuje kunipea story tupu."

Safari ya angani sina haja ya kuirefusha. Ni kukaa, kula, kulala shingo imepinda, na kuamka bado uko juu ya maji. Tulibadili ndege Tokyo, tukabadili tena Manila, na hiyo ya mwisho ilikuwa ndogo hata nilimsikia rubani akikohoa. Chini yetu visiwa vilikuwa vimetapakaa kila upande, nikajiuliza watu wa nchi hii hujuaje kila mmoja kisiwa chake. Luz alikuwa amefumba macho ila hakulala. "Kumbuka," aliniambia, "tarehe ya kurudi ni yako. Mimi nakusindikiza wewe."

Tulipotua Dumaguete mlango ulifunguliwa likaingia lile joto la unyevu la pwani, nikatabasamu peke yangu. Mama yake alikuwa ukingoni mwa uwanja na mwavuli wa jua, mfupi, amenyooka, nywele zimebanwa vizuri. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Wote humwita Nanay, yaani mama, nami nikamwita hivyo. Alinikumbatia mimi kwanza, akanishika muda mrefu, ndipo akamgeukia bintiye. Nikasema moyoni, huyu mama ameshajua kufuli iko wapi.

Nyumbani tulikuta chumba cha Luz kimepakwa rangi mpya. Jikoni Nanay alinionyesha sufuria inayong'aa. "Nimeambiwa huli nguruwe," alisema. "Hii ni yako. Haijagusa kitu kingine." Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema. Huko tuishiko niliwahi kuondolewa vipande vya nguruwe kwenye sahani na kupewa chakula kilichobaki, eti sasa naweza kula.

Asubuhi ya kwanza alitupeleka sokoni kabla jua halijakuwa kali. Kuna upande wa mabenchi marefu ambapo kina mama huuza wali wa kunata, uliopikwa kwa tui na tangawizi, pamoja na embe mbivu na kikombe cha chokoleti nzito ya moto. Nyinyi wa kwetu mtasema wali wa nazi tunaujua. Huu hamuujui. Nilikula wa pili.

"Maryland asubuhi mnakula nini?" Nanay aliniuliza.

"Mkate wa kuchoma, Nanay. Tumesimama."

"Mmesimama," alirudia polepole, akamsogezea Luz embe. Luz akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kutoka hapo tukaenda kwenye mnara wa kengele, karibu na kanisa kubwa. Ni mnara wa mawe wa zamani, majani yameota kwenye nyufa, na chini yake wanawake huwasha mishumaa na kuomba haja zao. Nanay alinieleza kwamba ulijengwa ili walinzi waone mbali baharini na kupiga kengele. "Walikuwa wakija watekaji kutoka kusini, Waislamu, wanachukua watu na..." Akanyamaza. Mkono ukaenda mdomoni.

"Usijali, Nanay," nikamwambia. "Mimi nimekuja kwa ndege, kengele isingenipata."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia kwamba hata pwani yetu watu walichukuliwa, na waliochukua walikuwa wa dini mbalimbali. Akatikisa kichwa, akaniwashia mshumaa bila kuniuliza. Sikumzuia.

Siku iliyofuata tuliona chuo kikuu na majumba yake ya mbao, na miti mikubwa iliyotandaza vivuli hadi barabarani. Tulikwenda kwa pikipiki iliyofungwa kibanda ubavuni, sisi watatu tumebanana. Kisha tukapita hospitali. Hospitali si mahali pa kutembeza wageni, lakini dereva alisimamishwa, na matroni akatokea mlangoni kana kwamba alikuwa akitusubiri, akaeleza jinsi wodi ya watoto inavyohitaji manesi wenye ujuzi wa ng'ambo. Nanay alikuwa akitazama maua.

Kwetu husemwa akufukuzaye hakwambii toka. Nanay alinifundisha kwamba akuzuiaye pia hakwambii kaa.

Jioni tulitembea barabara ya ufukweni. Mji mzima hutoka wakati huo kupunga upepo: wanafunzi, wazee, watoto na baiskeli, wauza mahindi na mayai. Kila baada ya hatua chache Luz alisimamishwa na mtu mzima. Aliinama, akaushika mkono wa yule mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Kwetu tungeubusu. Nami nikaanza kufanya kama yeye, na mkono wa tatu au wa nne, wa bibi mmoja mwenye harufu ya mafuta ya nazi, ulinishinda. Nilikumbuka kwamba huko Marekani mwaka mzima hupita sijaushika mkono wa mkubwa kwa heshima, ila wa mgonjwa, kwa kumpima mapigo.

"Mama yako yuko wapi?" Nanay aliniuliza.

"Mombasa. Mji wa Kale."

"Anakungoja?"

Nikasema ndiyo.  Nilikuwa nimeanza kumwonea Nanay huruma, na huruma hiyo haikuwa kazi niliyoletewa.

Siku ya tatu ilipofika nilikataa kukaa sebuleni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikamwambia Nanay, nikamtafsiria, naye akanipa kisu na samaki. Tulipika pamoja. Nilimpikia mchuzi wa nazi wa kwetu katika sufuria yangu, akaula, akasema haukosi kitu ila siki.

Jumatano tulikwenda Malatapay, kusini ya mji, kwenye soko la kila wiki pembeni mwa bahari. Huko watu wa milimani huteremsha ng'ombe, mbuzi na mboga, na watu wa visiwani huleta samaki. Nguruwe huokwa wazima kwenye miti ya mianzi. Nanay alinishika mkono akanizungusha upande ambao moshi hauendi, akachagua samaki, akasimamia mwenyewe uokaji wake juu ya makaa yasiyoguswa na mafuta mengine. Luz alikuwa mbali kidogo akipatana bei ya mikeka.

Tulikaa kwenye benchi. Nanay akanitazama usoni, mwalimu kabisa.

"Mishi, nikuulize jambo. Wewe unaweza kusafiri peke yako? Manila, Tokyo, mpaka Washington?"

Nilijua ninachoulizwa. Nikisema siwezi, Luz yuko salama. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameninunulia sufuria. 

"Naweza, Nanay."

Akanipapasa goti. Luz aliporudi na mikeka kichwani, mama yake akamwambia kwa Kiingereza, ili nami nisikie: "Rafiki yako anaweza kurudi peke yake. Kwa hiyo sasa niambie wewe."

Luz alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Akaiweka mikeka chini. Ng'ombe mmoja alikuwa akilia karibu yetu, mtu akipiga mayowe ya bei, na yeye, mwanamke mzima, akamgeukia mama yake.

"Nataka kurudi, Nanay," alisema. "Si kwa ajili ya Mishi. Napapenda. Nakupenda na napapenda kule."

 Nanay alitoa miiba kwenye samaki wangu, mmoja mmoja, akaiweka kando ya jani la mgomba.

"Ungesema siku ile ya kwanza," alisema mwishowe, "ningekuonyesha mji kwa raha. Siku zote hizi nimekuwa nikiuuza." Kisha akamshika bintiye kidevu. "Ukija tena njoo peke yako. Mgeni wako nampenda. Lakini kila nilipotaka kukuona wewe, nilimwona yeye."

Luz akakaa chini kwenye mikeka akalia, nami nikalia, na Nanay akatuambia tule, samaki anapoa.

Zilizobaki zilikuwa siku nzuri. Hatukwenda hospitali tena, na asubuhi wao wawili walitoka kwenda sokoni wakaniacha nilale. Siku ya kurudi Nanay alitusindikiza na mwavuli wake, akasimama kwenye uzio mpaka ndege ikaondoka.

Luz hakunisemesha hadi Tokyo. Huko, tukiwa kwenye foleni, akaniuliza, "Kwa nini ulisema unaweza?"

"Kwa sababu naweza."

Akanipiga kofi la bega, kisha akacheka, na tukawa marafiki tena.

Wambui alitupokea Dulles kwa kelele zake. Ndani ya gari alitaka kujua yote kwa mara moja: mnara, soko, chokoleti. Nikamweleza, na nilipomaliza akasema, "Sasa ni turn yetu. December tuende kwenu Coast mimi na wewe. Mamako atanipikia, utanionyesha Fort Jesus, alafu tunarudi pamoja. Hawezi kukuzuia ukiwa na mgeni."

Wambui hakuwa na habari kuhusu yale aliyoyasema Nanay, maana hayo sikuwa nimemsimulia. Nilitazama dirishani mpaka tukavuka mto tukaingia Maryland.

"Fort Jesus utaiona mwaka mwingine," nikamwambia. "Desemba nakwenda peke yangu. Mamangu anataka kuniona."