Jina Nisilolitaja

Sokoni Machakos wananijua kwa mdomo. Mimi ni fundi wa nguo, na mteja akichelewa kuchukua sare ya mtoto kisha aje kulalamika kwamba inambana, humwambia kuwa mtoto hula na hukua, na kosa hilo si la cherehani yangu. Kwa hiyo siku niliyokosa neno mbele ya karani wa serikali, jirani zangu wa sokoni wangeniona wangecheka hadi wakae chini.

Tulikuwa tumefuata cheti kipya cha kuzaliwa cha binti yetu. Tulimchukua kutoka makao ya watoto akiwa mdogo, na cheti chake cha zamani kilikuwa na jina alilopewa huko, huku mahali pa baba na mama pakiwa patupu. Mahakama ilikuwa imeshamaliza kazi yake, karatasi zikaenda Nairobi na kurudi. Kilichobaki ni kuhakikisha majina ili cheti kichapishwe. Shule ilikuwa imesema wazi kwamba bila cheti hicho hangesajiliwa Gredi ya Kwanza, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Jina jipya lilikuwa la mama mkwe. Sisi Wakamba binti wa kwanza humwita kwa jina la mama yake baba, na mume wangu hakutaka mjadala. Yeye ndiye aliyelisema kwa wakili, na yeye ndiye aliyelisema mbele ya jaji. Mimi sikulitamka hata mara moja, kwa maana nilivyolelewa, mke hatamki jina la mkwe wake. Ni nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya, na mama yangu alinifunza hiyo kabla hajanifunza kutunga uzi kwenye sindano. Nyumbani mtoto nilimwita Mwaitu, yaani mama yetu, vilevile ninavyomwita mkwe mwenyewe.

Ila mwenye jina hakuwahi kusema ndiyo. Tulipompeleka mtoto kwake Muthetheni kwa mara ya kwanza, mkwe alimtazama, akampa ndizi, kisha akatuuliza, "Huyu ni wa mbai gani?" Mbai ni ukoo, na mtoto aliyeachwa mlangoni pa zahanati hana wa kumtajia ukoo. Baadaye mume wangu alipomwambia kwamba mtoto ataitwa jina lake, alijibu, "Nyinyi ndio mmesoma," akarudi kuchambua maharagwe.

Tangu hapo alimwita "kasichana". Hakuwa na ubaya naye. Alimtumia maembe, alimsuka nywele, lakini jina hakumpa. Iliniuma sana, na mimi nikiumia hukasirika, na nikikasirika hukawia kupoa. Nilihofia kwamba tumemvisha mtoto jina kama gauni la kuazima, na kwamba mwenyewe angeweza kulidai siku yoyote.

Siku ya cheti mkwe alikuwa nasi bila mpango. Alikuja mjini kliniki ya presha, na singeweza kumwacha peke yake. Aliketi kwenye benchi nyuma yangu, kiondo chake cha kusuka magotini, na mtoto kando yake akitafuna mahindi ya kuchemsha. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani Athi River, ambako simu za wafanyakazi hubaki langoni.

Karani, nyuma ya dirisha la ofisi, alikuwa kijana nadhifu mwenye tai. Hakuwa mtu wa huku. Alisema mwenyewe kwamba bado anaizoea Machakos. Alifungua faili, akalifunika kwa kiganja.

"Mama, niambie majina yote ya mtoto, ndio niprint."

"Si yapo hapo mbele yako?"

"Nataka kuyasikia kutoka kwako."

Nyuma yangu mkwe alikohoa. Niliinama dirishani nikamweleza karani kwa sauti ya chini kwamba jina ni la mama wa mume wangu, kwamba kwetu mke halitaji, na kwamba mwenyewe ameketi pale kwenye benchi. Nikamwomba kalamu niliandike. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akatikisa kichwa.

"Pole, mama, lakini siku hizi watoto wanaibwa. Mama gani hawezi kusema jina ya mtoto wake?"

Siku nyingine ningempa jibu la kwenda nalo likizo kwao. Siku hiyo niliushika tu ukingo wa dirisha. Swali la mimi ni mama gani nilikuwa nimejiuliza mara nyingi, usingizi ukiwa umenikataa, na sasa nilikuwa naulizwa hadharani, foleni nzima ikisikia.

Akamgeukia mtoto. "Na wewe, toto, unaitwa nani?"

"Mwaitu," akajibu, mdomo umejaa mahindi.

Karani akatazama faili, akamtazama mtoto. "Hiyo haiko hapa," akasema, akalifunga. "Mama, kuja na baba yake wiki ijayo."

Wiki ijayo usajili ungekuwa umekwisha. Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kulitamka, mkwe alisikie, na nthoni iende zake. Ndipo kiondo kikatua dirishani, karibu na mkono wangu.

Mkwe alilitaja jina lake. Alilitaja lote, la ubatizo na la nyumbani, kisha akaongeza la mwanawe, polepole, ili kijana asipoteze hata moja.

Karani akalifungua faili tena. "Shosho, hayo ni majina ya nani?"

"Jina ni yangu. Nimempa huyu." Akamvuta mtoto mbele, akamfuta punje ya mahindi shavuni. "Huyu ni mimi. Na huyu mama yake hawezi kuniita jina, iko na nthoni. Alilelewa vizuri. Wewe print."

Niliwahi kumsikia mkwe akinisifu kwa kushona, na mara moja kwa chapati. Akiniita mama wa huyu mtoto, sikuwa nimewahi kumsikia. Machozi yalinitoka na sikujisumbua kuyaficha.

Karani alilinganisha majina moja moja kwa kidole, kisha mashine ikaanza kunguruma. Alinikabidhi cheti kikiwa bado na joto. Jina la baba lilikuwapo, na la mama lilikuwapo. Nilikiingiza kwenye bahasha, nikamshika mtoto mkono, nikageuka kuondoka. Mkwe hakusogea.

"Na mbai ni yetu," akamwambia karani, na mbai yetu akaitaja.

"Shosho, hapa hakuna mahali ya kuandika mbai."

"Sijasema uandike," akajibu, akichukua kiondo chake. "Nimesema usikie."