Maabara Riyadh walikataa kupima kondo la nyuma la mke wangu, na kutukabidhi tukalizike wakakataa pia

Wakuu, amani kwenu.

Muda mrefu mimi ni msomaji tu humu, nacheka na nyuzi zenu nikiwa peke yangu dukani. Leo na mimi nina langu. Chumvi sijaongeza. Na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa, na ni pengi.

Mimi mtu wa Morogoro, niko Riyadh, nauza miwani kwenye duka moja Sulimaniyah. Mke wangu Sabra ni Mzanzibari wa Jeddah. Yaani babu na bibi zake walihamia huku baada ya mapinduzi, yeye kazaliwa Jeddah, lakini ukimsikia anaongea utadhani katoka Mkunazini jana.

Hii ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa kubwa tayari, na hakuna daktari aliyetuambia sababu. "Imetokea tu." Sabra hilo neno halijawahi kumtoka kichwani.

Basi, safari hii uchungu ukaanza kabla ya wakati. Nilipigiwa simu niko na mteja, nikamwacha na fremu usoni nikakimbia.

Wakampasua. Mtoto wa kiume, mzima, lakini mdogo kama paka. Wakampeleka moja kwa moja kwenye incubator. Daktari akasema ana wasiwasi kuna maambukizi.

Mama mkwe akapanda ndege kutoka Jeddah. Akamwangalia mjukuu kupitia kioo, akaomba dua, akambusu binti yake kwenye paji la uso, halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, na kondo la nyuma liko wapi?"

Wakuu, nilibaki namtazama. Kila mtu ananiuliza mtoto ana kilo ngapi, huyu ananiuliza kondo. Mimi nijuaje?

Kwa wasiojua: kwenye familia yao kondo la nyuma halitupwi. Linaoshwa, linafungwa kitambaa cheupe, linazikwa nyumbani. La Sabra limezikwa uani kwao Sharafiya, Jeddah, na ya kaka zake vile vile. Mama mkwe alikuja na kitambaa kwenye mkoba, na boksi dogo la barafu. Alikuwa amepanga kurudi nalo Jeddah. Nikajiuliza pale uwanja wa ndege watu wakifungua lile boksi ataeleza nini. Sikuthubutu kuuliza kwa sauti.

Nikaenda kwa manesi. Wakasema limepelekwa maabara, daktari ndiye kaagiza, kwa sababu mtoto kawahi kuzaliwa. Huenda likaonyesha kilichosababisha.

Sabra aliposikia hivyo akajaribu kukaa kitandani na mshono wake. "Waache walipime. Nataka kujua."

"Walipime, kisha walirudishe," akasema mama yake.

Nikaona safi, kila mtu karidhika.

Maabara iko chini kabisa ya jengo, ina dirisha dogo la kupokelea sampuli. Pale nikamkuta Msudani mmoja mpole sana, Ustadh Muawia. Tukaongea, Kiarabu changu cha dukani na Kiingereza chake. Akanieleza kwamba linawekwa kwenye dawa lisioze, wanakata vipande vidogo wanaviangalia kwenye hadubini, na kinachobaki familia ikiomba inapewa ikazike. Ndiyo utaratibu. Nikamshukuru, nikapanda juu na habari njema.

Baadaye akanipigia. "Ya akhi, shuka, kuna tatizo."

Nikashuka na mama mkwe, hakukubali kubaki.

Ustadh Muawia akatuonyesha, kupitia dirishani, ndoo nyeupe yenye mfuniko. Akaizungusha taratibu. Nje haina maandishi yoyote. Karatasi ya daktari iliyokuja nayo ina jina la Sabra na namba ya faili lake, lakini ndoo yenyewe haina lebo.

"Mafi isim, mafi fahas," akasema. Hakuna jina, hakuna kipimo.

Nikamwambia basi andika jina, kalamu hiyo hapo. Wakuu, aliisogeza ile kalamu mbali na mimi kama vile nataka kuiba.

Nikamuuliza, "Unasema hili si la mke wangu?"

"Sijasema si lake."

"Kwa hiyo ni lake."

"Hilo pia sijasema."

Mama mkwe, ambaye Kiarabu anakijua kuliko mimi, akanivuta mkono. "Muulize ni la nani, basi."

"Mama, ndiyo anachosema. Hajui."

"Mtu hajui, na analo mkononi?"

Nikamgeuzia Ustadh lile swali.

Ustadh akatueleza kwa subira. Ingekuwa damu, wangeimwaga wakatoa nyingine. Mkojo, vile vile. Lakini kitu kama hiki hakitolewi mara mbili, kwa hiyo hawakitupi. Sheria yao ni kwamba aliyekiweka kwenye ndoo aje mwenyewe, akitazame, asaini kwamba ana uhakika ni cha nani. Akisaini wanapima. Asiposaini hawapimi, na hawawezi kutukabidhi kama chetu.

Aliyekiweka alikuwa nesi wa theatre, Mkenya, anaitwa Sister Nekesa. Alikuwa off. Tukamsubiri arudi kazini.

Nilifurahi niliposikia ni Mkenya. Nikasema huyu ni wa nyumbani, tutaongea Kiswahili yaishe.

Alipokuja akavaa glovu, akaingia ndani na Ustadh, akaangalia muda mrefu. Akatoka korido tuliposimama. Akamsalimia mama mkwe kwanza, "Shikamoo mama," vizuri kabisa.

"Sister, ni lenyewe?" nikauliza.

"Nafikiri ni lenyewe."

"Alhamdulillahi. Saini basi."

"Brother, nisikize. Siku hiyo tulikuwa na operation mbili zimefuatana. Kulikuwa na ndoo mbili pale kwa meza. Lebo nilikuwa nazo kwa mkono, nikaitwa nishike mtoto wenu kwa sababu hakuwa analia. Niliporudi, ndoo moja ilikuwa imeshabebwa."

"Imebebwa wapi?"

"Ya yule mama mwingine haikuwa ya kupimwa. Hiyo inaenda na taka za theatre." Akamwangalia mama mkwe, akateremsha sauti. "Zinachomwa."

Nilichelewa kuelewa. Mama mkwe aliwahi.

"Yaani huenda letu ndilo lililochomwa, na hili ni la mwenzetu?"

"Huenda, mama. Pole sana."

Wakuu, hapa nilimshika yule dada kwa maneno yote niliyonayo. Nikamwambia kwamba mke wangu ameshapoteza mtoto mmoja bila kujua sababu. Nikamwambia umesema mwenyewe unafikiri ni lenyewe, sasa kwa nini usiweke saini? Nani atajua?

Machozi yalikuwa yanamlenga. "Ile fomu haiulizi nafikiria nini. Inauliza kama niko na uhakika, na sina. Ukipewa majibu ya mama mwingine, bibi yako atatibiwa ugonjwa sio wake. Na mimba ikija tena watamtibu hivyo hivyo. Siwezi sign."

Nikafungua mdomo kuendelea. Mama mkwe akaniwekea mkono kifuani.

"Halas. Usimlazimishe mtoto wa watu."

Mimi nilidhani yeye ndiye atakayepiga kelele kuliko wote. Nikamwambia tumwombe hata Ustadh atupe hivyo hivyo, tukazike tu.

"Hata akinipa sichukui," akasema. "Na kama ni la yule mama mwingine je? Yuko wodini huko, hajui kitu. Mie nilizike uani kwangu, niliite la mjukuu wangu?"

Akaketi kwenye kiti cha plastiki pale korido na mkoba wake mapajani. Sister Nekesa akachuchumaa mbele yake, wakashikana mikono. Mimi nikabaki nimesimama katikati kama nguzo, sijui nimchukie yule nesi au nimshukuru. Kosa lilikuwa la kwake. Lakini mikono iliyoacha zile lebo ndiyo iliyomshika mwanangu mpaka akalia.

Kumwambia Sabra ilikuwa kazi yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo na mara hii sitajua?"

Nikamweleza habari ya fomu, ya uhakika. Akageukia ukutani. "Bora angesaini."

Mama yake akamwambia sivyo. Wakabishana, wote wawili wanalia, na mimi kila aliyekuwa anaongea nilimwona ana haki.

Kuhusu DNA, najua mtauliza. Nilimuuliza daktari. Alisema hospitali ile haifanyi kipimo hicho kwa jambo kama hili, na ile dawa ya kuhifadhia inatatiza mambo. Sikuelewa vizuri, lakini uso wake niliuelewa.

Sister Nekesa alipewa barua ya onyo. Alijiripoti mwenyewe.

Mtoto alitibiwa kwa kutumia vipimo vya damu yake mwenyewe, na kidogo kidogo akapata nafuu. Kila walipokuja kumtoboa kisigino, Sabra alikuwa anasimama: "Soma jina mguuni kwake. Kwa sauti. Sasa bandika hapa hapa, nikiona." Manesi walianza kumwogopa, kisha wakamzoea, kisha wengine wakawa wanasoma kabla hajasema.

Siku moja tuko pale wote watatu, Sabra anambadilisha nepi, kitovu kikadondoka. Kikavu, kidogo kama kipande cha karafuu. Nesi akanyoosha mkono achukue na ile nepi.

"La, la, ya binti!" Mama mkwe alikuwa keshafika. Akakiokota kwa ncha za vidole, akanigeukia.

"Umeona kimetoka kwa nani?"

"Nimeona, mama."

"Na wewe Sabra?"

"Nimeona."

Akatoa kile kitambaa cheupe mkobani, akakifunga. Siku ya kurudi Jeddah alikibeba mkononi ndani ya ndege, hakukitia kwenye boksi wala kwenye mkoba. Kimezikwa Sharafiya, karibu na kondo la Sabra. Alitupigia video call kutuonyesha udongo. Sabra alitabasamu, mara ya kwanza tangu ile siku ya korido.

Funzo langu, kama ni funzo: mkeo akienda theatre, uliza mapema kama kuna kitakachopelekwa maabara, na uombe lebo ibandikwe na isomwe palepale. Usione aibu. Na kama mna desturi yenu, waambieni kabla, siyo baada.

Ile ndoo sijui iliishia wapi. Sabra akishika mimba nyingine tutaingia tena bila kujua sababu. Akikumbuka bado anasema bora angesaini, mama yake anasema hapana, na mimi nikilala nakubaliana na huyu, nikiamka nakubaliana na yule.

Mliowahi kufanya kazi maabara, na wanawake mliozaa mbali na kwenu, niambieni. Ilikuwa bora yule dada angesaini?