Pistoni Yenye Cheti

Nilirudi Kisangani kutoka Leopoldville nikiwa na diploma ya ufundi wa mitambo, na sioni haya kusema kwamba mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Hakuna aliyenishika mkono. Baba yangu alikuwa mvuvi wa maporomoko, hajui herufi hata moja, na mimi nilifagia karakana za watu miaka miwili kabla hawajaniruhusu kugusa spana. Diploma hiyo niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika pale ambapo mgeni akiingia tu inamtazama. Muhuri wake ulikuwa mwekundu, mpana kama kifuniko cha kopo.

Lazima nieleze habari ya muhuri, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Miaka ile ya hamsini, mtu kama mimi alikuwa mtu kwa karatasi zake. Kibali cha kukaa mjini kilikuwa na muhuri. Kibali cha kusafiri kilikuwa na muhuri. Polisi akikusimamisha Makiso, katikati ya mji, hakusoma jina lako. Alitafuta muhuri, akiuona anakurudishia karatasi. Sisi tuliosoma tulizoea hivyo hivyo, kutazama muhuri kwanza na maneno baadaye.

Mume wa dada yangu alikuwa muuguzi. Daktari wake alimpa kazi ya majaribio ya miezi mitatu: kuzunguka zahanati za ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, mara mbili kwa wiki, kuchukua vioo vilivyopakwa damu ya wagonjwa ya kupimwa na kuvifikisha hospitalini siku ileile. Akifaulu, kazi ni yake na anabaki mjini. Akishindwa, anapelekwa Yahuma, mbali msituni. Dada yangu alikuwa amepata kufundisha darasa la kushona katika shule ya masista, kazi ya kwanza ya mshahara maishani mwake. Yahuma hapakuwa na darasa la kushona.

Pikipiki ya shemeji ilikuwa nzuri lakini nzito kupanda mlima. Njia ya ng'ambo ina vilima na mchanga, na kivuko cha mwisho kiliondoka saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa kwanza alikikosa mara mbili. Daktari alimwonya.

Jumapili moja akaja kwangu na katalogi tatu za kampuni za Ulaya zinazouza vifaa vya kuongeza nguvu za injini. Akaziweka mezani kama mtu anayeleta kesi.

"Bokilo," akaniambia, maana ndivyo tunavyowaita mashemeji kwetu, "kila mumoja anasema yake iko mbio kupita ya mwenzake. Wewe ulisoma. Nani anasema kweli?"

"Acha nione," nikasema, nikavaa miwani ambayo wakati ule sikuihitaji sana.

Ya kwanza iliuza vidonge vya kutia ndani ya tangi, na ilikuwa imetuma viwili vya mfano. Nilinusa kimoja, nikacheka. Ilikuwa ileile dawa ya kufukuza nondo kwenye masanduku ya nguo. Ya pili iliuza bomba la moshi lililo wazi, na picha ilionyesha mzungu amelala kifudifudi juu ya tangi, kwenye barabara laini kama meza.

"Huyu mutu amebeba nini nyuma?" nikamwuliza.

"Hakuna kitu."

"Basi. Wewe unabeba sanduku la vioo, na njia yako iko na mashimo. Hii bomba itakupa kelele tu. Wagonjwa watakusikia kutoka mbali."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilijisikia vizuri. Hata leo naamini hakuna fundi Kisangani nzima ambaye angepima zile mbili vizuri kuliko nilivyozipima mimi.

Ya tatu iliuza pistoni yenye kichwa kirefu, inayobana hewa zaidi ndani ya silinda. Iliahidi theluthi moja ya nguvu juu ya zile za kawaida. Nilichukua penseli nikafanya hesabu, na hesabu ilikubali. Nikiirudia leo, bado inakubali. Halafu nikafungua ukurasa wa mwisho, nikakuta cheti: sahihi za wahandisi watatu na chini yake muhuri mwekundu, mpana, unaofanana na wangu kama ndugu. Karibu na muhuri palikuwa na mstari wa herufi ndogo: kwa petroli bora. Niliusoma. Niliona ni maneno ya adabu tu, kama yale tunayoandika mwishoni mwa barua.

"Hii ndiyo," nikasema. "Hawa ni watu wa diploma."

Shemeji aliuza baiskeli yake, akaagiza. Pistoni ilikuja na meli, na mwezi wa majaribio uliobaki ulikuwa mmoja. Niliifunga mwenyewe, uani kwangu, majirani wakitazama. Siku ya kwanza alirudi na kivuko cha saa kumi. Alipiga honi kuanzia bandarini mpaka mlangoni pangu. Dada yangu alinipikia lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki, akaniwekea kichwa cha samaki, sehemu ya baba, na baba akiwepo palepale.

Baba alikuwa mtu wa maneno ya kuchokoza. Maisha yake yote alisuka mitego ya kuweka katikati ya maji makali, na kamba ambayo hajaivuta kwa mikono yake mwenyewe hakuifunga. Alitafuna ndizi yake, kisha akauliza:

"Na hao wazungu wa karatasi, walijaribu pikipiki yao na esansi ya wapi?"

"Ya kwao, papa. Ya Ulaya."

"Na hii yetu?"

"Esansi ni esansi, papa."

"Aa. Nilizani mwenye diploma atajua."

Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini nikakisukuma kando kile kichwa cha samaki. Hiyo esansi, petroli yetu, ilikuja kwenye mapipa juu ya majahazi, ikakaa juani wiki nyingi, na ilikuwa ya aina moja tu, ile hafifu. Shuleni tulifundishwa kwamba ukibana sana petroli hafifu, inalipuka kabla ya wakati wake na kukipiga kichwa cha pistoni. Nililijua hilo. Nililijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Jumatatu shemeji alipita kwangu. Nilimwambia apande kale kamlima ka nyuma ya soko huku nikisikiliza. Injini ililia kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo.

"Hii kelele ni nini, bokilo?"

Pistoni ya zamani ilikuwa ndani, imefungwa kwa kitambaa, chini ya kitanda changu. Ningeirudisha kwa saa tatu. Kupanda kwake kungekuwa kwa taabu kama zamani, lakini angefika, na kama ni kukosa kivuko pengine angekosa mara moja tu. Ila ningelazimika kufungua injini uani, majirani walewale wakitazama, na kumwambia baba kwamba swali lake lilikuwa la haki.

"Ni sauti ya nguvu," nikamjibu. "Utaizoea."

Alinishukuru.

Zilipobaki wiki mbili majaribio yaishe, injini ilikufa mbali ng'ambo, kwenye mchanga. Aliisukuma mpaka kijiji cha karibu, akatembea na sanduku kichwani. Alifika mtoni kivuko kimekwisha kuondoka, na vioo vya damu vilikuwa vimeharibika kwa joto. Pikipiki ililetwa kesho yake kwa mtumbwi. Nilifungua silinda peke yangu. Katikati ya pistoni palikuwa na tundu. Kidole changu kilipita.

Daktari hakupiga kelele. Alitia sahihi barua ya Yahuma, akaipiga muhuri.

Shemeji aliwaambia watu wote kwamba pikipiki ilikuwa imezeeka, kwamba bokilo wake alifanya yote yanayowezekana. Sijui mpaka leo kama aliamini hivyo au alikuwa akinifunika. Baba alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuchokoza. Ningependa angechokoza.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumsaidia dada yangu kufunga mizigo. Cherehani ya shule alikuwa amekwisha kuirudisha kwa masista. Tulikuwa tunakaza kamba ya sanduku la mwisho, yeye amebana fundo kwa kidole, mimi navuta.

"Kaka," akasema bila kuinua uso, "wewe ulisoma. Ile pikipiki ilikuwa muzee kweli?"

Nilivuta kamba mpaka ikauma mkono.

"Ilikuwa muzee," nikasema.

"Bon, basi," akasema, akatoa kidole chake kwenye fundo.