Unga Usio na Harufu

Asubuhi ile niliamka na miguu ya mtu mwingine. Niliiona pale mkekani, miguu yangu ileile, na kovu la moto kwenye goti, lakini nilipotaka kusimama ilikakamaa kama mipini ya majembe ikajipinda kwa ndani, goti likagongana na goti. Hakuna kilichouma. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kumfika mtoto wa miaka minane usingizini, kimya kimya, bila hata kumwamsha. Nikacheka, nikidhani ni ganzi. Nikajaribu tena, nikaangukia mafiga. Mawe, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kirundi, akaingia mbio, mikono yake ina unga. Unga mweupe, hauna harufu hata kidogo.

Natanguliza hilo ili mjue naelekea wapi. Sasa nirudi nyuma. Tuliingia nchi hii miaka ya tisini, baba, Mawe, mimi na mdogo wangu Leonsi, tukitoka Burundi kwenye milima ya juu kabisa, kule ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne na kila kipande cha ardhi kina jembe la mtu. Sisi watoto hatukuwahi kuona mahali pasipo na mtu. Basi, lori likatupitisha kwenye miombo kuja Mpanda, siku nzima miti tu, hakuna nyumba, hakuna moshi, hakuna kilima cha kushika macho. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na miombo ilikuwa inachipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha, msitu mzima mwekundu mpaka macho yanapoishia. Leonsi akauliza, "Hii miti yote ni ya nani?" Mbele kidogo twiga alikuwa amesimama kando ya njia, akatutazama kwa juu, sisi tuliokuwa juu ya lori! Nikajifunika kitenge cha Mawe. Sikuogopa, niliona aibu tu kutazamwa na mnyama mkubwa vile, na nguo yangu imechanika.

Tukapewa mahali pa kujenga pembeni ya kijiji kimoja upande wa Kasokola. Kila kitu kilikuwa ajabu. Anga ilikuwa kubwa mno, nikawa natembea nimeinamisha kichwa. Mizinga ya nyuki ilining'inia juu ya miti, nami nikadhani ni maiti za watu zimefungwa kwenye magome. Watoto wa pale walicheka mpaka wakakaa chini. "We Mrundi, hiyo ni asali!" Wakanilambisha. Nakwambia, sijalamba tena kitu kama kile.

Lakini palikuwa na harufu. Ilitoka kila nyumba, kali, kama nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo siku nne. Ilikuwa mihogo. Wenyeji waliimenya, wakailoweka kwenye mapipa na vidimbwi mpaka ikawa laini na maji yakatoa mapovu, ndipo wakaianika na kuisaga. Kwetu milimani tulikula viazi, maharage na maziwa. Muhogo hatukuujua. Na kwetu mwanamke akimtengea mumewe chakula kinachonuka, habari hiyo inafika kwa wazazi wake kabla ya jua kuzama. Mawe akaziba pua. "Hawa watu wanakula kitu kilichooza," akasema. Hakuwa na dharau, alikuwa anatulinda.

Hapo ndipo alipoingia Sadoki Kalinde. Namtaja jina lake lote. Alikuwa mchuuzi wa unga, mcheshi, baiskeli yake ina kengele mbili, na aliwahi kuona Mawe akiziba pua. Siku ya pili akaja na kiroba.

"Mama Yozefina, shikamoo. Leo nimekuletea wako. Nusa."

Mawe akanusa. "Haunuki!"

"Haunuki, na mweupe kama maziwa ya kwenu. Huu ni wa watu wasafi."

Mawe alifurahi hata akapiga makofi. Kila wiki akampa kitenge kimoja kati ya vile alivyovuka navyo mpaka, naye akammiminia unga. Tukala ugali huo asubuhi na jioni, na majani ya porini, maana hatukuwa na maharage wala samaki. Tukishakula kichwa kilizunguka. Nilitembea kwa kupepesuka, watoto wakanifuata wakiimba, "Walevi wa ugali hao! Walevi wa ugali!" Nami nilicheka nao. Nilidhani ndivyo ugeni ulivyo, kwamba nchi mpya lazima ikuzungushe kwanza. Leonsi alikuwa mchaguzi wa chakula, alikula kidogo sana. Ndiyo pona yake.

Asubuhi ile ya miguu, kelele za Mawe zilimleta jirani yetu Mama Tatu, mama wa Kikonongo, kabila la wenyeji, mwenye mikono mipana. Hakuniuliza chochote. Alichovya kidole kwenye unga, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Nani kawapa hiki?"

Akatueleza polepole, akimtafutia Mawe maneno mepesi. Muhogo wa huku ni mchungu, una sumu, ndiyo maana nguruwe pori hawaumalizi. Ukiuloweka siku tatu, nne, sumu inatoka na maji. Maji tu! Maji ya kawaida ya kisimani! Nililala pale nikimtazama yule mama aliyejua jambo kubwa namna hiyo na kulifanya kila wiki bila kujisifu, nikamwona mrefu kuliko twiga. Mawe alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya uso wake, anaitazama kama si yake.

Kengele mbili zikasikika njiani. Mama Tatu akatoka, akashika usukani.

"Sadoki, huu umeuloweka siku ngapi?"

"Dada yangu, wenyewe hawataki harufu. Mimi nawapa wanachotaka."

"Na kwako mnakula huu?"

Akacheka. "Sisi tumezoea harufu bwana." Akapanda baiskeli, akaenda.

Baba alinibeba mgongoni hadi hospitali. Daktari akagonga goti, mguu ukaruka wenyewe, akagonga tena, ukaruka tena. Akasema sumu hii hukamata watoto zaidi, kwamba hali haitazidi, lakini miguu haitarudi kama zamani.

Haikurudi. Shule nilifika la nne, njia ikanishinda. Leo tuna uraia, wanangu wanazungumza kama watoto wa hapa, na mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wake wa wageni wapya kuloweka. Msitu umerudi nyuma, lazima upande pikipiki mpaka njia ya Mwese ndipo uone ule wekundu, na bado kila ukichipua nasimama na fimbo zangu mbili, najisikia mdogo juu ya lori. Mawe alikufa akiamini ni yeye aliyenivunja miguu. Hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Sadoki, uko Makanyagio, mzee wa kanisa, wajukuu wanakushika mkono ukivuka barabara. Sitaki vitenge, sitaki pole. Ulijua. Njoo Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado uani, useme kwa mdomo wako kwamba ulijua, na kwamba kosa halikuwa la mama yangu.